Maharagwe Yaliyogoma Ikutha

Maharagwe yaliyochemka saa mbili bila kuiva yana harufu yake. Si harufu ya chakula, wala si ya ubichi. Ni ya udongo uliolowa, na ndani yake kuna ya sufuria iliyochoka. Kila mwaka, kidato cha tatu wanapofika kwenye somo la kasi ya mimenyuko ya kikemia, mimi huijaza maabara yetu hapa Makueni kwa harufu hiyo. Walimu wenzangu hupita dirishani wakiuliza kama nimefungua hoteli. Huwajibu kwamba nimefungua, ila leo chakula hakitaiva, kwa hivyo waende tu.

Kitabu kinataka nitumie asidi na vipande vya marumaru. Natumia pia, nisije nikashtakiwa. Lakini mtoto wa Ukambani amelelewa kwa isyo, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maharagwe, na hahitaji kuelezwa kwamba kuna mmenyuko unaokwenda mbio na mwingine unaokokota miguu. Huo wa kukokota miguu ameungoja maisha yake yote, akiwa na njaa. Basi nawapa mikebe, moto, maharagwe na maji ya aina tatu, nao wanaanza kunusa na kubishana. Na mimi, msomaji wangu, nikisimama hapo mbele na chaki mkononi, siko darasani tena. Niko Ikutha, likizo ya Agosti, darasa la saba, na umri wangu ni miaka kumi na miwili na nina majibu ya kila kitu.

Sisi ni watu wa Mbooni, milimani, ambako maji hutoka kwenye mwamba yakiwa baridi ya kuuma meno. Mama akiweka maharagwe motoni, nguo za shule hazijaisha kufuliwa utasikia sufuria imenyamaza, maana maharagwe yaliyoiva hayagongi sufuria. Dada yangu Kalondu alijifunzia mapishi kwa maji hayo. Alipoolewa na Muthiani, mfanyabiashara wa mbuzi wa Ikutha, kule chini kusini mwa Kitui kwenye joto, mama alimfungia sufuria kubwa akamwambia kwamba penye maji na kuni hatakosa kuheshimiwa. Mama hakuwa amewahi kufika Ikutha.

Nilipotumwa kumtembelea, nilibeba debe la maharagwe yetu ya aina iitwayo nyayo na mkungu wa ndizi. Jioni ya kwanza Kalondu alipika yale maharagwe. Tulingoja. Tuliimba nyimbo zote za Jumapili, tukazirudia, na bado sufuria iligonga tu, ko ko ko, kama mtu aliye mlangoni na hataki kuondoka. Mwishowe tulikula hivyo hivyo. Nilitafuna hadi masikio yakauma.

Mama mkwe wake alikuwa na jiko lake upande wa pili wa boma. Jina lake lilikuwa Nduku, nami nilimwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, kwa heshima ya umri. Ilikuwa desturi ya boma lile kwamba mke wa mwana ampelekee mama mkwe bakuli la chakula kila jioni. Kila jioni bakuli lilikwenda, na kila jioni lilirudi limefunikwa vizuri kwa kitambaa, mahindi yameliwa na maharagwe yamepangwa pembeni, mengine yana alama za meno. Susu alikuwa na meno machache na aliyatunza.

“Huyu mkono wake bado ni baridi,” alimwambia jirani siku moja, mimi nikisikia, na nadhani alitaka nisikie. “Mboso zinajua mkono.”

Mboso ni maharagwe. Kalondu alipoambiwa hayo ya mkono alijibu tu, “Ndiyo, mwaitu,” yaani mama, kwa sauti ya chini. Huyu ndiye dada aliyekuwa akicheka kule nyumbani hadi kuku wanatawanyika! Sasa alikuwa amekonda mashavu, anatembea taratibu, na ukimwambia hadithi anaitikia kabla hujaimaliza. Mumewe alikuwa safarini na mbuzi zake. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba ni maharagwe yaliyokuwa yakimmaliza dada yangu, na nikakasirika nayo kama unavyoweza kumkasirikia mtu.

Mambo yalikuwa na tarehe pia. Wamama wa kanisa walikuwa na mzunguko wao: kila mwezi boma moja, maombi, nyimbo, kisha chakula. Zamu ya boma lile ilikuwa Jumamosi ya wiki ya pili ya likizo yangu, na kila mtu alijua kwamba safari hii wanakuja kumwonja mke mpya. Kwetu mke hapimwi kwa nguo, hupimwa kwa isyo. Kalondu akiwapa wageni maharagwe ya kuvunja meno, jina lake lingekwisha siku hiyo hiyo, na jina likiisha ugenini huchukua miaka kurudi.

Kwanza nilidhani ni moto. Nikasukuma kuni hadi jiko likawa kama tanuri, maji yakaruka, moshi ukatutoa machozi, na rundo la kuni la siku tatu likaisha kwa mchana mmoja. Maharagwe hayakushtuka. Siku hizi nawaeleza wanafunzi kwa utulivu mkubwa kwamba maji yakishachemka hayapandi joto tena. Moto wa ziada unageuka mvuke na kwenda zake. Siku ile sikuwa na utulivu wowote. Niliipiga sufuria teke, na sufuria ikashinda.

Halafu nikakumbuka magadi. Mama hutia kidogo sana, unga unaobaki kwenye ncha ya kidole. Mimi nilikuwa na haraka, na niliona kwamba kama kidogo kinasaidia kidogo, kingi kitasaidia sana. Nikatia konzi nzima Kalondu alipokwenda kuchuma mboga. Maharagwe yaliiva, hilo siwezi kulikana. Yaliiva, yakaendelea kuiva, yakawa uji wa rangi ya matope unaoteleza, wenye ladha ya sabuni ya kipande. Mbwa aliunusa akaniangalia usoni. Kalondu alirudi, akatazama sufuria, na kwa mara ya kwanza tangu nifike alicheka, akacheka hadi akakaa chini. Kisha akaacha ghafla, akashika tumbo, akaniambia nikamwage mbali na mlango.

Nilimwaga nikiwa nimeshindwa lakini nina wazo. Muhula ule mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ametufundisha maji magumu na maji laini, akatuonyesha kwamba sabuni hutoa povu kwenye laini na hugoma kwenye magumu. Nami nilikuwa nimeona wiki nzima kwamba maji ya Kalondu hayatoi povu, na kwamba chai yake hukatika maziwa. Aliyachota kwenye kisima cha pampu, hatua chache kutoka lango. Susu yeye hakuyagusa. Alfajiri alikwenda na wanawake wengine hadi mtoni, kule kwenye mchanga mkavu ambako huchimba shimo kwa kata hadi maji yatokee chini, na akarudi na kibuyu chake cha plastiki cha lita tano mgongoni. Ulikuwa mwendo wa saa nzima, na kurudi ni mlima. Watoto hatukuruhusiwa kwenda kwa sababu ndovu walikuwa wameonekana huko kiangazi kile. Punda wa boma, aliyekuwa akibeba maji, alikuwa amekufa. Nilimuuliza Kalondu kwa nini yeye haendi na wenzake, akasema, “Nitaenda wiki ijayo.”

Basi Jumatano nilifanya utafiti wangu. Nilipata mikebe mitatu ya mafuta ya kupikia iliyolingana. Wa kwanza nilitia maji ya pampu. Wa pili, maji ya mtoni, niliyoyaiba kwenye mtungi wa Susu alipokuwa kwenye mbuzi. Wa tatu, maji ya pampu na magadi, punje tatu tu, maana ule uji wa sabuni ulikuwa umeniadhibu. Maharagwe ishirini kila mkebe, mawe tisa, moto mmoja mrefu chini ya yote. Saa sikuwa nayo, nikatumia redio ya Kalondu. Na mwalimu wetu alikuwa amesisitiza jambo moja hadi likatuingia: andika kila unachokiona, hata kile unachodhani hakina maana, kwa sababu wewe hujui bado ni kipi chenye maana. Nilikuwa mtoto mtiifu upande huo. Niliandika kila kitu kwenye daftari la miraba, kuanzia upepo hadi jogoo.

Alhamisi nilirudia kila kitu, nikapata jibu lile lile. Maharagwe ya maji ya mtoni yaliiva kabla kipindi cha nyimbo za injili hakijaisha. Ya magadi kidogo yalifuata, ladha yake si mbaya. Ya pampu yaligonga hadi taarifa ya habari.

Leo naweza kuwaambia sababu. Ndani ya ganda la haragwe chembechembe zimeshikana kwa gundi ya asili, na kupika ni kuifungua gundi hiyo, hatua kwa hatua, kwa nguvu ya joto. Maji ya visima virefu vya kule yamejaa kalsiamu, iliyotoka kwenye mawe, nayo huingia kwenye gundi na kuifunga upya, kama mtu anayeshona nguo huku mwenzake akiifumua. Kila unapofungua, inafunga. Magadi huikamata kalsiamu hiyo na kuiangusha chini, ukungu mweupe unaouona kwenye sufuria, ndipo gundi hupata nafasi ya kuachia. Haya yote sikuyajua. Nilijua tu kwamba si mkono, ni maji, na kwamba nilikuwa nimemwokoa dada yangu siku mbili kabla ya wageni.

Sikungoja hata nile. Nilichukua daftari na mikebe yote mitatu kwenye sinia nikavuka boma. Susu alikuwa ameketi kivulini mwa ghala akichambua ndengu kwenye uteo. Kalondu aliponiona nakwenda alinifuata hadi katikati ya uwanja, mwiko mkononi, akaniita kwa jina langu lote. Nikajifanya sisikii.

“Susu,” nikasema, “si mkono wa dada. Ni maji. Nimepima.”

Susu alionja moja moja kutoka kila mkebe, akayatafuna kwa upande wenye meno. Hakuonekana kushangaa hata kidogo, jambo lililoniudhi.

“Na hiyo umeandika ni nini?”

“Ni utafiti.”

“Soma basi. Yote. Usiruke.”

Nikasimama wima kama tunavyosimama kwenye mashindano ya mashairi, nikasoma. Jumatano, maji aina tatu, maharagwe ishirini kila mkebe. Upepo kidogo kutoka upande wa kanisa. Jogoo ameangusha mkebe wa tatu, nimeanza tena. Dada ametapika nyuma ya choo, kwa hivyo ni mimi niliyesukuma kuni. Mkebe wa pili umeanza kunyamaza.

Mkono wa Susu ulikuwa umesimama ndani ya ndengu.

“Soma hapo tena.”

“Mkebe wa pili umeanza kunyamaza.”

“Siyo mboso. Hapo nyuma.”

Nikasoma tena mahali pa choo. Kisha nikaendelea na Alhamisi, ambako nilikuwa nimeandika kwa mwandiko mzuri kwamba dada ametapika tena asubuhi, hajala, na amelala kidogo, mikebe yote imeangaliwa na mtu mmoja.

“Na Jumatatu?” Susu akauliza.

“Jumatatu nilikuwa sijaanza kuandika,” nikasema, nikiona fahari kwamba anajali ukamilifu wa kazi, “lakini alitapika pia.”

Niligeuka nikamwona Kalondu amesimama pale pale jua likimpiga, mwiko umeshuka, machozi yanamtiririka bila kufutwa. Susu alimtazama. Alimtazama shingoni, akamtazama miguuni, akarudi usoni, kwa utaratibu ule ule aliochambulia ndengu. Nilijua nimefanya kosa kubwa na sikujua ni lipi. Nikafikiri ni yale maji niliyoiba.

“Umesoma vizuri, mwana wakwa,” Susu akaniambia mwishowe. “Sasa hiyo karatasi, toa unipe. Usisomee mtu mwingine.”

Nilichana ukurasa kwa uchungu mwingi. Ulikuwa utafiti wangu wa kwanza. Aliukunja mara nne, akaufunga kwenye pindo la leso yake, akarudi kwenye ndengu.

Asubuhi ya Ijumaa niliamshwa na kishindo mlangoni. Nilipotoka nilikuta mtungi wa lita ishirini, umejaa hadi shingoni, mchanga wa mtoni umeganda chini yake. Susu alikuwa tayari anaondoka, mukwa bado umening’inia kichwani, ule mkanda wa ngozi ambao wanawake wetu hubebea mizigo. Alikuwa mwanamke mzee mwembamba. Kibuyu chake cha siku zote kilikuwa cha lita tano.

“Mwambie dadako hayo ni ya kupikia,” akasema bila kugeuka. “Akimaliza kuna mengine.”

Kalondu alipoyaona alikaa kizingitini akalia tena, lakini huku akitabasamu, na akanikumbatia hadi nikakosa pumzi. Nikampapasa mgongo kama mtu mzima. Nilielewa vizuri sana: sayansi imeshinda, mama mkwe amekiri makosa.

Jumamosi wamama walikuja, wakaomba, wakaimba, wakala. Isyo ya Kalondu ilikuwa laini kiasi kwamba mmoja wao aliyekuja na mjukuu alimlisha bila kumpondea. Wakasifu. Nikajisogeza mbele, nimejiandaa kueleza habari ya mikebe. Susu akaniwahi.

“Ni mkono wake,” akawaambia wageni wote. “Mke wa mwanangu ana mkono wa kupika.”

Nilitaka kulia kwa hasira. Mwanamke aliyeona ushahidi kwa macho yake na kuuonja kwa ulimi wake, amesimama mbele ya kanisa zima anasema mambo ya mkono! Nilirudi Mbooni nikamweleza kila mtu kwamba watu wa Ikutha ni wakarimu lakini hawapendi ukweli.

Ilinichukua miaka minane kuujua huo ukweli. Nilikuwa chuo kikuu, mwaka wa pili, nimekwenda tena kwa dada, na binti yake mkubwa, Nduku, aliyepewa jina la mama ya babake kama ilivyo desturi, alikuwa ametoka mbio kwenda kucheza. Nilikuwa nikijitapa kuhusu ule utafiti wa mikebe. Kalondu aliniacha nimalize.

“Wewe,” akasema, “kuna mtu Ikutha hajui hayo maji ya pampu hayapiki mboso? Hata punda wanajua. Susu kusema mkono baridi, alikuwa anasema kwa heshima kwamba mimi ni mvivu wa kwenda mtoni.”

Kisha akaniambia lile lingine. Mwezi wa tatu wa mwaka ule, kabla sijafika, alikuwa ametoka mtoni na mtungi mgongoni, na pale mlimani mimba yake ya kwanza ikaharibika. Ilikuwa changa, hakuna aliyejua ila Muthiani. Nilipofika Agosti alikuwa ameshika nyingine, na aliogopa ule mlima kuliko ndovu. Lakini kusema hakutaka.

“Ukisema mapema, watu wote wanangoja na wewe,” aliniambia. “Na ikitoka, inatoka mbele ya wote. Nikaona heri waniite mvivu.”

Nilimwonea haya yule mtoto aliyesimama wima akisoma habari za kutapika uwanjani, na nilimpenda pia, sitawaficha. Muhula ule tulikuwa tunasoma jinsi mimenyuko inavyotokea, na mhadhiri wetu alikuwa amesema kwamba tunaona mwanzo na tunaona mwisho, bali hatua za katikati hupita upesi mno, na mara nyingi mtu hupima kitu kimoja miaka mingi bila kuziona. Mimi nilikuwa nimepima siku mbili tu. Niliziandika zile hatua kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri, na sikuziona. Aliyeziona ni mwanamke asiyejua kusoma, aliyesomewa mara moja.

“Na Susu?” nikauliza. “Alikuambia nini siku ile?”

“Hakuniambia kitu. Hata leo hajawahi kuniambia.”

Alileta maji tu. Kila alfajiri, kuanzia ile Ijumaa hadi mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, Nduku alipozaliwa, alishuka mtoni na mtungi wa lita ishirini akaupandisha ule mlima kwa mukwa, kiangazini na hata mvua zilipoanza na njia kuteleza. Majirani walipomuuliza kwa nini anajitesa ilhali ana mke wa mwana kijana nyumbani, aliwajibu kwamba daktari amemwambia atembee, anyooshe magoti.